Ubao Upi Ununue kwa Meza ya Studio ya Nyumbani

Wengi wanaorekodi vyumbani mwao hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, wana lalamiko moja: besi inasikika imeshiba wakiwa mezani, lakini wimbo ukipigwa ndani ya Hiace inakuwa imenywea. Lawama zote huangukia spika. Mimi huanza kwa kuikagua meza, kwa sababu ubao mwembamba, au wenye uwazi ndani, hutetemeka pamoja na spika zilizokaa juu yake na kuongeza besi isiyokuwamo katika wimbo, naye fundi wa sauti huipunguza akidhani ni ya wimbo. Weka punje chache za mchele karibu na spika, kisha piga noti ya chini kwa sauti unayofanyia kazi. Zikianza kutambaa kuelekea ukingoni, meza hiyo inapiga muziki wake. Kwa hiyo rangi na droo nawaachia wengine.

Namba moja ni plaiwudi ya milimita 18, vipande viwili vilivyobandikwa pamoja kwa gundi ya mbao na kukazwa kwa skrubu kutoka chini. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande viwili vya futi 4 kwa 2 na nusu, eneo linalotosha spika mbili, kioo cha kompyuta na kinanda cha vibonye 61, na masalio yake yanafaa kwa rafu.

MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inafuata. Kwa masikio peke yake ningeitanguliza, maana ni nzito na haina mlio, ila kingo zake zikipata maji huvimba na hazirudi tena, na chumba kilicho karibu na ziwa, dirisha wazi wakati wa masika, hakiisamehe. Ukiinunua, paka kingo vanishi kabla ya kuifunga.

Mninga ni wa tatu kwa sababu ya bei tu. Utalipia uzuri utakaofunikwa na vifaa. Meza za chipubodi, yaani ubao wa vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa, na milango ya zamani yenye uwazi ndani, ambayo ni ngoma iliyolazwa, ziache.

Kwa upande wa miguu ya meza, sifichi upendeleo wangu: König & Meyer, kampuni ya Wertheim, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1949. Stendi yao ya Omega hupandishwa na kushushwa, nayo haiyumbi. Ikikushinda bei, fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya bomba za mraba, ujaze mchanga mkavu uliochekechwa kabla hajaziba ncha.

Kinachoniudhi ni wauzaji. Plaiwudi imeandikwa 18, ukiipima ni 15, na ukitoa rula unaulizwa kama umekuja kununua au kukagua. Ukitaja neno studio, bei inapanda papo hapo. Sema unatengeneza meza ya kulia chakula, pima kona zote nne, na usiruhusu msumeno uguse ubao kabla hujaridhika, kwa kuwa ukishapasuliwa haurudishwi.