Uzoefu wangu na kituo cha wazee hapa Ohio: mazoezi, chakula cha mchana na siku za harambee

Nakipa kituo hiki nyota nne kati ya tano. Nimekitumia mwaka mmoja na miezi miwili kama mkalimani wa kujitolea wa wazee watano wanaozungumza Kiswahili, watatu kutoka Kongo na wawili kutoka Kenya. Ninayoandika hapa ni ya mtu anayetaka kumpeleka mama, baba au mkwe wake asikae ndani peke yake mchana kutwa wakati watoto wako kazini na wajukuu wako shule.

Kujiandikisha ni bure. Sharti ni kuwa na miaka 60, na mume au mke wa aliyetimiza umri huo anaruhusiwa kula hata kama yeye hajaufikisha. Beba kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa, orodha ya dawa, na namba za simu za watu wawili wa kupigiwa dharura ikitokea, mmoja awe anayepokea simu akiwa kazini. Wakimbizi wengi tarehe zao zimeandikwa 1 Januari na mwaka wa kukisia, kwa hiyo kuna mzee ambaye kwa kweli ana miaka 63 lakini karatasi inasema 57. Karatasi ndiyo inayohesabiwa. Msibishane na dada wa mapokezi, hana uwezo wa kuibadilisha.

Kilichonifanya nikiamini kituo hiki ni mazoezi ya kiti, Jumatatu na Jumatano, dakika 45. Siku ya kwanza mwalimu humpima kila mzee: anakaa kwenye kiti kisicho na mikono, kimo cha sentimita 43 hivi, kimeegemezwa ukutani, anakunja mikono kifuani, kisha anasimama na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akishindwa kufikisha mara 10, au mwanamume wa umri huo akishindwa kufikisha 12, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Akijisukuma kwa mikono, alama yake ni sifuri. Wazee wetu huona hiyo sifuri kama aibu, basi waelezeni kabla ya kufika kwamba si mtihani wa shule, ni kipimo cha mapaja. Hurudiwa kila miezi mitatu, na hapo ndipo mtu anajua kama darasa linamsaidia au anapoteza muda.

Baada ya dakika kumi za kupasha mwili moto huja mikanda ya mpira. Rangi zina maana: njano ni nyepesi, nyekundu inafuata, kisha kijani, bluu na nyeusi. Waanzie njano hata kama mzee anajiona ana nguvu. Akivuta mara kumi na mbili bila mabega kupanda masikioni, ndipo ahamie nyekundu. Makosa ninayoyaona kila wiki ni mawili. La kwanza ni kubana pumzi wakati wa kuvuta, jambo linalopandisha shinikizo la damu, na dawa yake ni kumwambia ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa Kiswahili, maana anayehesabu hawezi kubana pumzi. La pili ni mkanda wenye ufa mdogo, ambao hukatika na kumchapa mtu usoni. Unyoosheni mbele ya dirisha kabla ya kuutumia, ufa utaonekana. Na mwenye mzio wa mpira aseme mapema, ipo mikanda isiyo na lateksi.

Mavazi yamewakwamisha wengi kuliko maumivu ya magoti. Ndala na makobazi hayaruhusiwi, na ni sawa, kwa sababu kisigino kinachocheza ndicho kinachomwangusha mtu anapogeuka. Dera refu linaingia chini ya mguu wa kiti. Bibi avae suruali laini ndani, apandishe dera hadi chini kidogo ya goti, afunge kanga kiunoni isining'inie. Amefunikwa vizuri na anaweza kuinua mguu.

Kuna pia darasa la kuzuia kuanguka liitwalo A Matter of Balance, vikao vinane vya saa mbili mbili. Hili limetupotezea wazee, na nadhani kosa ni la mpangilio. Vikao viwili vya mwanzo ni mazungumzo juu ya hofu ya kuanguka, mazoezi huanza kikao cha tatu. Mtu asiyejua Kiingereza anakaa saa nne nzima anasikiliza maneno, kisha harudi. Bila mkalimani kwenye hivyo viwili vya mwanzo, msimwandikishe. Mkalimani akiwepo ni darasa zuri sana, hasa sehemu ya kukagua nyumba: mikeka inayoteleza, waya wa simu sakafuni, taa ya njia ya chooni.

Tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole, sina mengi ya kusema, inafaa, muhimu goti lisipite vidole vya mguu. Darasa la uraia lipo Alhamisi. Mwenye miaka 65 aliyekaa na kadi ya kijani miaka 20 husoma maswali 20 tu, huulizwa 10, akipata 6 amepita, na anaruhusiwa kujibu kwa lugha yake. Bingo, mchezo wa kutafuta kwenye kadi namba zinazotajwa, ni Ijumaa. Waislamu kadhaa huikwepa kwa sababu ya zawadi, na hakuna anayewasumbua. Ila nimeona mama mmoja akijifunza namba za Kiingereza kutoka 1 hadi 75 kwa kukaa pembeni na kadi bila kushindania chochote, akazijua zote kwa miezi miwili.

Chakula cha mchana ni saa tano na nusu, mapema kwa tumbo lililozoea kula saa nane. Uji wa asubuhi na uwe mwepesi. Mnapaswa kuagiza kabla ya saa sita mchana wa siku iliyotangulia. Mchango unaopendekezwa ni dola 3, unatiwa kwenye bahasha ndani ya sanduku lililofungwa, na asiye nayo hanyimwi sahani. Ndivyo inavyotaka sheria ya wazee ya Marekani ya mwaka 1965 inayolipia milo hii. Chakula kina chumvi kidogo, watalalamika. Beba ndimu, si kichupa cha chumvi. Wasiokula nguruwe wasiulize tu kama kuna nguruwe kwenye sahani: mboga za majani na maharage mara nyingi hupikwa na mfupa wake, na mpishi anaweza kujibu hapana akifikiria nyama kuu peke yake. Ulizeni mchuzi umepikwa na nini. Matunda na mkate mnaweza kuondoka navyo, chakula cha moto hapana.

Sasa harambee. Ziko mbili kwa mwaka, kifungua kinywa cha pankeki mwezi wa nne na mauzo ya vitu vilivyotumika mwezi wa kumi. Fedha za serikali zinaenda kwenye milo na huduma za lazima. Mikanda, rangi za kuchorea na basi la matembezi hutoka hapa. Meza yetu ya maandazi imekuwa ikimaliza kabla ya meza nyingine yoyote. Kilo mbili za unga, gramu 400 za sukari, lita moja ya tui, hamira gramu 20 na kijiko cha iliki vinatoa maandazi 65 hivi ya gramu 50. Kwa dola moja kila moja, ukiondoa dola 22 za vifaa, inabaki 43. Yasifungwe yakiwa ya moto: mvuke unageuka maji ndani ya mfuko na baada ya saa moja yanakuwa kama sponji. Sambusa za nyama zilizopikwa nyumbani kituo hakizikubali. Zipikwe kwenye jiko lao na zikae juu ya nyuzi joto 57 za Selsiasi muda wote wa kuuza.

Kwenye pesa kuweni wakali. Anzeni na chenji ya dola 60 katika noti za moja na za tano, wahesabu watu wawili, wote watie sahihi. Mchango wa chakula cha mchana usichanganywe kamwe na mauzo, hata kama masanduku yanafanana, kwa sababu ule lazima urudi kwenye milo. Mwaka jana vilichanganywa, na hesabu ilichukua wiki nzima kunyooshwa. Tiketi za bahati nasibu ya blanketi la viraka hazihesabiki kama sadaka kwenye kodi. Anayetaka kukwepa bahati nasibu atoe taslimu na aombe risiti, na kwa taslimu risiti ya maandishi ni lazima kwa kiasi chochote kama anataka kuitumia kwenye kodi.

Nyota niliyoizuia ni ya usafiri na lugha. Gari dogo la kituo linachukua watu wanane, linaagizwa siku mbili kabla, na anayepigia huzungumza na mashine ya Kiingereza. Mzee akikosa kuisikia anabaki nyumbani. Mara tatu gari lilifika, dereva akapiga honi, akasubiri dakika tano, akaondoka, huku bibi yuko ghorofani anavaa viatu. Sasa tunawaambia wawe mlangoni dakika 15 kabla, na namba ya mjukuu ndiyo iliyoandikwa kwenye fomu ya gari badala ya namba ya nyumbani.