Mizuka ya Uskoti juu ya paa Mji wa Kale: inafaa kwenda, ila hadithi moja irekebishwe

Simulizi hizi hufanyika juu ya paa la nyumba ya mawe Mji wa Kale, jirani na Fort Jesus, baada ya sala ya Isha. Msimulizi mmoja, kandili moja, na kiingilio kina kahawa tungu na haluwa ndani yake. Hadithi zote ni za Uskoti, zinasimuliwa kwa Kiswahili cha Mvita kisicho na haraka.

Kilele ni makaburi ya Greyfriars, Edinburgh, na hapo msimulizi anajua kazi yake. Hakurupuki na mzuka. Anaanza na mwaka 1679, Covenanters, Wakristo waliokataa mfalme atawale kanisa lao, waliposhindwa vitani Bothwell Brig, mamia yao wakafungiwa uwanjani kando ya makaburi hayo, bila paa, hadi baridi ikawakuta. Zaidi ya 250 wakapakiwa kwenye meli ya Crown of London wapelekwe makoloni ya ng'ambo. Desemba meli ikavunjikia miambani visiwani Orkney, wao wakiwa wamefungiwa chini ya sitaha; waliookoka ni hamsini hivi. Hapo paa zima hunyamaza, na bado hakuna mzuka aliyetajwa. Ndipo anapomleta George Mackenzie, mwendesha mashtaka aliyewaandama. Alikufa 1691, akazikwa papo hapo Greyfriars, karibu na wale aliowatesa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mtu asiye na makao aliingia kwenye kaburi lake akitafuta pa kulala, na tangu hapo wageni wakawa wanatoka na mikwaruzo, wengine wakizimia. Baraza la mji likafunga uwanja ule wa wafungwa. Sasa huingii ila na kiongozi wa ziara.

Vyumba vya chini ya daraja la South Bridge, hukohuko Edinburgh, lililofunguliwa 1788, navyo vimesimuliwa vizuri, kwa sababu anaeleza kwa nini vilihamwa: matao hayakuzibwa sawasawa, maji yakapenya, wafanyabiashara wakaondoka, mafukara wakaingia. Mwenye nyumba ya mawe ambayo chokaa ya dari imekufa hahitaji maelezo zaidi. Anataja pia utafiti wa mwanasaikolojia Richard Wiseman mle ndani: vyumba vyenye sifa mbaya ndivyo watu walivyohisi mambo mengi zaidi, hata wasioambiwa sifa hizo, na mwanga na kimo cha dari vilikuwa na uhusiano na hisia hizo. Ni vyema anautaja. Hadithi haipungui utamu.

Panapoharibika ni Mary King's Close, uchochoro wa kale wa Edinburgh. Anasema wagonjwa wa tauni ya 1645 walijengewa ukuta wakafia ndani. Si kweli. Wagonjwa walipelekewa chakula, na daktari George Rae aliajiriwa kuwatibu. Uchochoro ule ulifunikwa zaidi ya miaka mia baadaye, lilipojengwa juu yake jengo la wafanyabiashara, Royal Exchange, kuanzia 1753, na watu waliendelea kuishi sehemu yake. Uongo huu ni wa zamani na unavutia, lakini msimulizi aliyeheshimu tarehe za Greyfriars hana sababu ya kuuachia hapa. Angebaki na mzuka wa mtoto Annie na wanasesere anaoachiwa na wageni, panatosha.

Ngome ya Glamis inapitwa mbio, haina hasara. Kelpie, farasi wa majini ambaye ngozi yake humnasa mtoto anayempanda, ndiye anayewatisha wadogo. Chini ya miaka tisa hivi waacheni nyumbani.

Kaeni hadi maswali. Swali zuri zaidi ni kwa nini jini wa kwetu hupanda mtu kichwani na kudai ubani na marashi, ilhali mzuka wa Uskoti hukaa na jengo na hadai kitu. Msimulizi hulijibu kwa mifano, bila kudharau upande wowote.

Hakuna kipaza sauti. Kusi likivuma, kaeni upande wa kaskazini wa msimulizi, upepo uwaletee sauti; upande wa pili utakosa nusu ya maneno. Masika, pigeni simu kwanza, kwani mvua ikinyesha huhamia chumba cha chini chenye joto na feni yenye kelele.