"Kwani lazima ushindane na magari yote hayo?": uzoefu wangu na kompyuta ya kwanza ya gemu za mbio

"Bosi, punguza magari. Kwani lazima ushindane na yote hayo?"

Hilo ndilo jibu nililopewa na huduma kwa wateja baada ya kueleza kwa kirefu, tena kwa adabu, kwamba kompyuta waliyoniundia inajizima kila mbio zinapoanza. Nilituma na video. Waliiona, wakakaa kimya muda mrefu, halafu wakaniandikia hivyo, na emoji ya kucheka juu yake. Naandika haya hasira hazijashuka, kwa hiyo anayetaka tathmini ya kitulivu atafute kwa mwingine.

Huduma yenyewe ni ya kawaida: unachagua vipuri, unalipa, wao wanaunganisha, wanajaribu, wanakutumia kompyuta ikiwa tayari. Mimi sikuwa nimeingia kichwa kichwa. Nilikaa na orodha yangu wiki nyingi, nikibadilisha hiki, nikirudisha kile, mpaka nyumbani wakaniuliza kama naoa au nanunua kompyuta. Simuleta za mbio zina mambo yake. Ukienda na ushauri wa jumla wa "kompyuta ya gemu", utalipia vitu usivyovihitaji na kukosa unavyovihitaji.

Mvutano wa kwanza ulikuwa kwenye prosesa. Mimi nilitaka Ryzen 7 5800X3D. Muuzaji akashikilia nichukue yenye viini 16, eti "itakaa miaka". Nikamwambia kaka, mimi sihariri filamu. Gemu za mbio huwa zinabana kazi kubwa kwenye viini vichache: iRacing inakokotoa fizikia yake mara 360 kwa kila sekunde, na kila gari la ziada lililo karibu nawe ni mzigo mwingine juu ya hapo. Kinachosaidia kwenye kazi ya namna hiyo ni kache kubwa, yaani kumbukumbu ya haraka iliyo jirani kabisa na viini, ili prosesa isisubiri data kutoka kwenye RAM kila dakika. Ndiyo maana 5800X3D, yenye kache hiyo kubwa lakini gigahezi chache kuliko 5800X ya kawaida, inaiacha ndugu yake kwenye gemu hizi bila huruma. Akanijibu "sawa bosi, pesa ni yako". Nilipaswa kuisikia sauti ile vizuri, lakini mtu akishakubaliana nawe, unamchunguza kwa lipi?

Kadi ya michoro nilichukua RTX 3080, kwa sababu nina skrini tatu. Hapa wengi wanajidanganya. Skrini tatu za 2560 kwa 1440 zina pikseli zaidi ya milioni 11, wakati 4K ambayo watu wanaiogopa ina milioni 8 na kidogo. Za kwangu ni za 1920 kwa 1080, jumla yake milioni 6 na ushee, ndipo nikaona 3080 itatosha. Madabodi, ile bodi kuu inayobeba vipuri vyote, niliichagua kwa kuhesabu matundu ya USB ya nyuma. Usicheke. Mota ya usukani inataka tundu lake, pedali lake, gia lake, breki ya mkono lake, na ukizibandika zote kwenye kigawanyio cha ovyo, siku moja pedali zitapotea katikati ya kona na wewe uko mwendo wa 200.

Pawa saplai, kifaa kinachogawia vipuri vyote umeme, niliiandika kwa jina lake kamili na modeli yake. Kumbuka hilo.

Mzigo ulipofika, nakiri nilifurahi kama sijawahi. Nyaya zimelazwa vizuri, hakuna uliojikunja mbele ya feni. RAM ni vipande viwili kama nilivyoagiza, tena vimekaa tundu la pili na la nne kutoka kwa prosesa, mahali pake hasa, siyo vimebanana pembeni. Nikaingia BIOS, mipangilio ya ndani ya madabodi, nikakuta XMP, swichi ya kuipa RAM kasi yake kamili, imeshawashwa, RAM inakimbia kwa kasi niliyoilipia. Kuna watu wana kompyuta mwaka wa tatu sasa na RAM yao inatambaa kwenye kasi ya kiwandani bila wao kujua, kwa sababu fundi hakujisumbua. Huyu alijisumbua. Nikamsifia hadharani, nikampa nyota tano. Bado zipo pale, sijaziondoa, na kila nikizikumbuka roho inaniuma.

Siku za mwanzo nilikuwa nafanya mazoezi peke yangu. Mzunguko baada ya mzunguko, kompyuta imetulia, feni hazisikiki, fremu (picha za kila sekunde) hazitetereki. Kisha nikaingia kwenye mbio zenyewe.

Ilikuwa uwanja wa Spa-Francorchamps, kwenye gemu la Assetto Corsa Competizione (ACC), mvua inanyesha. Taa zikaruhusu, kundi zima likakimbilia La Source, kona ya kwanza. Mbele yangu naona taa nyekundu tu ndani ya maji yanayorushwa na matairi, vioo vya pembeni vimejaa magari, nikaanza kukanyaga breki. Tik. Sauti ndogo tu, kavu, kutoka chini ya kasha. Skrini zote tatu nyeusi, feni kimya, usukani ukalegea mikononi. Mota ya usukani ina umeme wake mbali, kwa hiyo kitaa chake kilibaki kinawaka, haina wa kuongea naye. Sekunde chache baadaye nembo ya madabodi ikajitokeza yenyewe, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikasema ni bahati mbaya. Haikuwa. Ikajirudia ACC, ikajirudia iRacing, na iRacing haikuulizi kwa nini umekatika: unaweza kuwahi kurudi, lakini utawakuta wenzako wamekuacha mizunguko kadhaa, na iRating yako, alama za kiwango chako, inaliwa kulingana na nafasi uliyomalizia. Nilikuwa naporomoka kwenye msimamo kwa makosa ya umeme.

Hapo ndipo safari ya huduma kwa wateja ilipoanza. Kwanza wakaomba rekodi za Windows. Nikawatumia: Kernel-Power 41. Wakasema, "Umeona? Ni Windows hiyo, iweke upya." Sasa, ile 41 haisemi chanzo. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri, jambo ambalo mimi niliyekuwa nimekaa mbele yake nilikuwa nalijua tayari. Lakini nikatii. Nikaweka Windows upya, na vipimo vyangu vyote vikaenda na maji: nguvu ya usukani kwa kila gari, mahali pa kiti, pembe za skrini, umbali wa macho hadi kioo. Aliyewahi kupanga skrini tatu mpaka mstari wa barabara usivunjike kwenye maungio anajua hiyo ni jioni ngapi za mtu. Nikapanga tena. Nikaingia mbioni. Tik.

Wakasema ni joto. Nikawatumia picha za joto la prosesa na la kadi, yote yako salama kabisa. Wakasema nipunguze ubora wa picha. Nikapunguza, nikafunga na fremu zisizidi 60, na kweli haikuzima. Wakashangilia! "Umeona bosi, gemu lako ni zito." Yaani gari jipya linazima mlimani, na muuzaji anakwambia endesha kwenye tambarare. Hawakuona kwamba wamejifunga wenyewe: kama kupunguza kazi ya kadi kunaponya ugonjwa, basi tatizo siyo Windows, ni umeme. Nilipowaambia hivyo ndipo likaja lile la kupunguza magari.

Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua mfuniko wa pembeni. Pawa saplai imefichwa chini, nyuma ya kava la bati, na lebo yake imegeuziwa upande ambao huioni bila kuitoa. Nikatoa skrubu, nikaivuta, nikamulika na tochi ya simu. Haikuwa ile niliyoiagiza. Jina sijawahi kulisikia. Ubavuni imeandikwa 750W kwa herufi kubwa za dhahabu. Chini yake kuna kijedwali cha maandishi madogo mno, ndiyo kimebeba ukweli wote: kwenye laini ya 12V, ampea 30.

Piga hesabu nami. Volti 12 mara ampea 30 ni wati 360. Hizo ndizo wati ambazo prosesa na kadi ya michoro zinakula, kwa sababu zote mbili zinakula kwenye laini ya 12V. Zilizobaki wamezijumlisha kutoka kwenye laini za 5V na 3.3V, ambazo kompyuta ya siku hizi inazigusa kidogo tu, ili mradi namba ya dhahabu ifike 750. Sasa 3080 imeandikiwa wati 320, prosesa yangu 105. Hiyo ni 425 kabla hujahesabu feni, diski wala vifaa vya USB. Tena kadi ya michoro haivuti umeme kwa utulivu, inaruka kwa milisekunde chache juu sana ya kiwango chake kila picha inapochafuka ghafla. Na ni wapi picha inachafuka ghafla kuliko kona ya kwanza, mvuani, magari yote yako mbele yako na kwenye vioo? Nikiwa peke yangu ilikuwa inavumilia. Wakija wenzangu, kinga ya ndani inakata. Tik.

(Ukitaka kuangalia ya kwako, soma lebo uishie hapo. Pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake zinashika umeme hata baada ya kuchomoa waya.)

Nikawatumia picha ya lebo. Jibu: "Bosi, 750 ni 750." Nikawaonyesha hesabu. Jibu: "Ina beji ya 80 Plus." Beji hiyo inahusu umeme kiasi gani unapotea kama joto, haisemi saplai itafanya nini ikistushwa, na sidhani kama hata hiyo beji ni halali. Nikawauliza ile niliyoilipia iko wapi. Wakanionyesha risiti, siyo fomu ya oda, risiti iliyokuja ndani ya boksi, na pale chini wameandika "au inayolingana nayo". Na kubwa kuliko yote, "umefungua mfuniko, waranti imekufa".

Kinachonichoma siyo ubovu wa kifaa. Ni kwamba fundi huyu anajua kazi. Mtu anayejua tundu la pili na la nne, anayekumbuka kuwasha XMP bila kuambiwa, hawezi kuja kunidanganya kwamba hajui kusoma lebo ya pawa saplai. Alijua. Alibadilisha kile kimoja ambacho mteja hakioni kupitia kioo cha kasha, na akakigeuza lebo ikatazama ndani. Asingekuwa hodari ningemsamehe.

Nikanunua nyingine kwa pesa yangu, ile ile niliyoiandika mwanzoni, nikaifunga mwenyewe. Kadi nikaipa nyaya mbili tofauti, siyo ule mmoja wenye vichwa viwili walioutumia wao. Tangu hapo haijazima hata mara moja. Mvua, usiku, magari yamejaa, sijapunguza hata moja. Na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mashine ni tamu. Nguvu ya usukani inakuja bila kukwama, fremu hazidondoki kwenye kona ya kwanza ambapo kila kompyuta hudondoka. Kuna jioni naendesha mpaka nasahau kwamba nina ugomvi na mtu.

Kwa hiyo nikushauri ununue kwao? Nilitaka kusema ndiyo, ila wakuletee bila pawa saplai, uiweke mwenyewe. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta. Ukishalazimika kumpokonya fundi kipuri kimoja ili asikuibie, utalala vipi na vingine alivyokufungia? Mimi nimekagua vyote kimoja kimoja na viko sawa, lakini siyo kila anayenunua kompyuta ya kwanza ana bisibisi na moyo wa kuvua kava. Nyota mbili. Moja ya nyaya, moja ya RAM.

Wakati namalizia kuandika wamenitafuta, safari hii kwa upole wa ajabu. Wamekubali kunirudishia pesa ya pawa saplai, kwa sharti kwamba niwatumie ile ya zamani, "ikiwa katika hali nzuri, isiwe na mikwaruzo". Sikuhitaji kuuliza isiwe na mikwaruzo kwa ajili ya nani. Nitaituma, pesa ni yangu na ninaihitaji. Nimeshachukua kalamu ya wino usiofutika, nikaandika juu ya ile 750 ya dhahabu, kwa herufi kubwa kuliko zao: 360.