Prunier sina shida naye sana, ila huyu aliyeniuzia kitabu chake!

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Gérard Prunier mwenyewe, mwandishi wa kitabu, sina neno naye. Au ninalo, nitalifikia. Kwanza huyu muuzaji.

Kitabu chake cha vita ya Kongo, Africa's World War, nilikitafuta muda mrefu. Vita ya Kongo sisi wa Kigoma hatukuisikia redioni tu: mwaka 1996 watu walivuka ziwa kwa maboti, Nyarugusu ikafunguliwa kule Kasulu, na mwaka uliofuata meli ya Liemba ikawa inawarudisha kwao. Nilitaka kujua nani aliuwasha ule moto. Nikapata muuza vitabu wa Dar, nikatuma hela kwa simu, mzigo ukaja na basi mpaka stendi ya Masanga. Kufungua, kopi. Kava ya rangi, gundi bado inanuka. Hilo ningelimeza. Lakini sura ya mwisho inaisha, unafunua, kava. Maelezo yote ya nyuma hayamo!

Nikapiga simu. “Dada, zile si ni namba namba tu? Nani anazisoma?” Akakata.

Nani anazisoma! Kwa Prunier huko nyuma ndiko anakotaja nani kamwambia, wapi, lini. Anatoa tuhuma nzito juu ya jeshi la Kagame, pembeni kanamba kadogo, unakimbilia mwisho wa kitabu uone ushahidi, unakuta gundi. Nilitamani kukitupa ziwani.

Na ndilo neno langu kwake. Huyu Mfaransa mwaka 1994 aliitwa na Wizara ya Ulinzi ya kwao kushauri kuhusu Turquoise, operesheni ya jeshi la Ufaransa kule Rwanda. Mwaka 1995 akatoa The Rwanda Crisis, humo RPF, chama cha Kagame, kawatazama kwa jicho la huruma. Kufika 2009, kwenye hiki kitabu, kawageuzia kibao. Kubadili mawazo ruksa, tena namheshimu kwa hilo. Ila mtu wa hivyo bila vyanzo vyake unabaki kumwitikia tu kama mteja wa mganga. Nikaapa nitawaambia msimsome.

Halafu nikafika kwenye kurasa za Kisangani, huko Kongo, Juni 2000: Rwanda na Uganda, waliomwingiza Laurent Kabila madarakani pamoja, wanapigana mizinga katikati ya mji wa watu. Nikakesha. Basi someni, lakini kamili.

Prunier nyota nne. Muuzaji sifuri, na hela yangu naidai, maana ujumbe anasoma, hajibu.