Sandali za mikanda ufukweni: kwenye mwamba ni dawa, kwenye mchanga mkavu ni kero

Sandali zenye mikanda mitatu ya velkro na soli nyepesi ya sponji huuzwa kama kiatu cha kumaliza shida zote za ufukweni. Anayezikimbilia zaidi ni aliyetoka kwenye majira ya baridi kuja kutembea pwani yenye joto. Miguu yake imefungiwa kwenye soksi na buti miezi kadhaa, ngozi imelainika, na kilomita 5 za siku ya kwanza zatosha kuitoa malengelenge.

Kasoro yake kubwa ni mchanga mkavu. Punje hunasa kati ya mkanda na ngozi, hasa nyuma ya kisigino na kwenye kidole kidogo, na zikilowa maji ya chumvi huwa msasa mtupu. Wengi hukaza mkanda, na hapo ndipo wanapojichuna. Ulegeze hadi kidole kimoja cha mkono kipite chini yake, kisha suuza mguu na kiatu pamoja mara tu unapohisi punje ya kwanza. Ngozi ikishakuwa nyekundu, ni plasta tu.

Kwenye mchanga mbichi uliobanana, ule ulioachwa na maji yaliyokupwa, zivue uzishike mkononi. Mchanga mkavu hula zaidi ya maradufu ya nguvu za kutembea kwenye sakafu ngumu, na hakuna soli inayoliondoa hilo. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, kwa hiyo ukianza saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, una mchanga mgumu wa kukanyaga kwenda na kurudi. Rudi kwa njia ileile: ufukwe umeinama, na mguu wa upande wa bahari hushuka chini kila hatua. Kwa kurudi, miguu hupokezana mzigo.

Wakati wa bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali na miamba hubaki wazi. Hapo sandali hizi ni halali ya bei yake: soli nene huzuia makali ya matumbawe. Mwani unaoteleza, hata hivyo, huzishinda, na miiba mirefu ya viumbe wa baharini hupenya sponji laini.

Mafuta ya kukinga jua yapake mgongo wa mguu kabla ya kuvaa. Ukipaka baadaye, mkanda ukisogea kidogo tu unaacha mstari wa ngozi usio na kinga, nao huungua.

Jioni suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, chokoa velkro kwa mswaki mkuukuu (mchanga ukijaa humo haishiki tena), anika kivulini. Usiziache ndani ya gari lililofungwa juani. Sponji husinyaa, na kiatu kilichokutosha asubuhi kitakubana vidole.