Kugawa dakika zilizobaki kwa kituo cha watoto, uzoefu wangu wa miezi mitatu

Kazi yangu inanilazimisha ninunue kifurushi cha mwezi chenye dakika nyingi, ila siku hizi nusu ya wateja wangu wako WhatsApp, kwahiyo kila mwisho wa mwezi nabakiwa na dakika mia mbili, mia tatu hivi zinaungua hivihivi. Inauma jamani, umelipia hela yako halafu saa sita usiku zinayeyuka.

Kumbe toka Aprili 2021 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walishaweka utaratibu mteja aweze kumhamishia mwenzake kifurushi kilichobaki, mradi wote mko mtandao mmoja. Hilo la mtandao mmoja lishike vizuri maana ndo lililonitoa jasho.

Kuna kituo cha watoto yatima huku kwetu Mbagala, huwa tunawapelekea mchele na sabuni kipindi cha Ramadhani. Nikampigia mama mlezi, shikamoo mama, nina dakika zangu nataka nikutumie. Akacheka, "Dakika za nini tena mwanangu?" Nilipomwelewesha akasema mchele watu wanaleta, vocha haleti mtu, na yeye kutwa yuko kwenye simu, mara ustawi wa jamii, mara zahanati, mara shuleni, mara ndugu wa mtoto huko mkoani.

Mwezi wa kwanza nilifeli. Naingia kwenye menyu, kuhamisha kifurushi, naweka namba, naweka 200, ombi lako halijakamilika. Mara tatu!! Mtandao wangu siutaji ila hiyo menyu yao haikwambii kosa liko wapi. Nikawapigia huduma kwa wateja, dada akaangalia akasema namba hiyo siyo ya kwetu. Mi nabisha, tarakimu za mwanzo si hizi hapa za kwenu! Kumbe mama alishahama mtandao akabaki na namba yake ileile, ile huduma iliyoanza 2017, na hata yeye hakukumbuka kuniambia. Mpaka tunaelewana dakika zangu zimeshakufa.

Mwezi wa pili tukapata akili, dada mpishi wa kituo ana laini kama yangu, nikamtumia yeye 240, zikaingia palepale na meseji ikaja. Kasoro ni kwamba kwa mtandao wangu zinaenda na muda wake uleule, mimi nilikuwa nimebakiza siku mbili, kwahiyo na wao wakapata siku mbili tu za kuzimaliza. Siku hizi nazituma wiki ya tatu, nisisubiri mwisho.

Jumamosi moja nikawakuta wanazitumia. Kitochi cha mpishi kimefungwa raba nyuma kushikilia betri, spika inakoroma, na kuna katoto ka miaka kama saba kanaongea na bibi yake yuko Kigoma. Bibi anauliza umekula nini, wali na maharage, kimyaaa, halafu kakauliza "Bibi, yule kuku wangu yupo?" Wakamjadili huyo kuku dakika kumi na mbili nzima hakuna anayewaambia fanyeni haraka salio linaisha. Mimi nilitoka nje kidogo.

Sasa ukiniuliza ni bora kuliko kutuma hela, hapana. Ukiwa na elfu tano tuma elfu tano, hela inanunua dawa na vocha pia. Hii ni kwa zile dakika ambazo zingeungua tu. Na usimtumie mtu usiyemjua, kuna meseji ilinifikia ya "kituo" fulani wanaomba dakika halafu mbele wanataka namba ya siri, nikaipeleka 15040, ile namba ya kuripoti meseji za matapeli, nikaendelea na mambo yangu.

Nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya ile menyu. Mwezi huu nimebakiwa na 180 na simu ya mpishi imeingia maji, kwahiyo mama ananitafutia kama kuna mwalimu au mlezi pale mwenye laini ya mtandao wangu, siku zimebaki sita.