Taima za Jikoni za Kuzungusha: Ipi Inunuliwe, Ipi Iachwe Rafuni

Malalamiko ya wasomaji wa Arusha na Moshi kuhusu taima za jikoni zisizotumia umeme wala betri yanafanana mno: keki imeungua, au mayai yamepitiliza, kwa sababu kengele haikulia. Rangi na ukubwa sitavijadili, na hata usahihi nitauacha, kwa kuwa taima inayokosea dakika moja katika saa nzima haiunguzi kitu. Inayounguza ni ile inayofika sifuri kimyakimya.

Chanzo ni springi. Unapozungusha uso wa taima unaikaza springi iliyo ndani, nayo inapojikunjua taratibu huendesha magurudumu yenye meno na hatimaye kinyundo cha kengele. Ukiizungusha hadi dakika 5 tu, springi huwa haijakazwa ipasavyo, na kinyundo hukosa nguvu ya kugonga. Dawa yake ni kuipitisha kwanza dakika 15, au kuifikisha 60 kabisa, ndipo uirudishe kwenye dakika unazozitaka.

Nafasi ya kwanza ninaipa Lux Minute Minder ya Marekani, ile yenye mlio mrefu, na upendeleo wangu siufichi. Taima nyingi hulia kwa sekunde chache tu, na mtu aliye uani akipepea jiko la mkaa hawezi kuzisikia. Ubaya wake ni kwamba kwa kawaida huna budi kuiagiza nje.

Ya pili ni ya duara, ya chuma cha pua, yenye sumaku mgongoni, lakini kwa sharti moja: izungushe dukani hadi mwisho, irudishe kwenye 3, kisha uisubiri papo hapo. Ikilia kwa kigugumizi, iache.

Za plastiki zenye umbo la nyanya, ingawa Francesco Cirillo wa Italia aliipatia moja umaarufu kwa kupimia muda wa masomo, ninaziweka mwisho.

Tatizo ni wauzaji wetu. Ukigusa boksi unaambiwa, “Dada, ukifungua umenunua,” na kwa kuwa bei haikubandikwa popote, hutajwa baada ya muuzaji kukutazama kuanzia viatu hadi mkoba. Kataa kulipa kabla kengele haijalia mbele yako, kwa maana risiti utakayopewa, kama utapewa, imekwisha kupigwa chapa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.